"Umesimama tawi gani?": Karani wa masijala anayesoma siri za programu

Saa mbili na robo asubuhi. Feni ya dari inazunguka kivivu, ikilalamika kila inapofika kona ileile. Chini yake, katika chumba cha ghorofa ya pili juu ya duka la vioo, mwanamke wa miaka hamsini na tisa anavua viatu, anaegesha miguu juu ya boksi la karatasi, anapandisha miwani, kisha anaangua kicheko peke yake.

"Hebu soma hapa," anasema, akigonga kioo cha kompyuta kwa kalamu. "Jana saa saba mchana kijana kaandika, 'Nimerekebisha.' Saa saba na dakika nne, 'Nimerekebisha tena.' Saa nane, 'Sasa kweli.' Saa nane na nusu, 'Mniache.' Huyu hakula mchana."

"Nilikula, mama!" sauti inajitetea kutoka meza ya dirishani. "Nilikula hapahapa mbele ya kompyuta."

"Ndiyo maana iliharibika."

Ofisi nzima inacheka, na kazi inaanza.

Wenzake wanamwita Bi Masijala. Jina hilo alipewa kwa kejeli, naye akalivaa kama kanzu mpya. Kazi yake, ambayo jirani zake bado hawaamini kwamba mtu hulipwa kwa kuifanya, ni kusoma historia.

Ofisi hii ina watu tisa wanaoandika programu za vituo vya afya. Watu tisa hawawezi kuandika kwenye ukurasa mmoja bila kupigana viwiko. Kwa hiyo kila mmoja hujitengenezea nakala yake, wanayoiita tawi, akajifanyia mambo yake humo. Akimaliza, anaunganisha kazi yake na tawi kuu, lile linalokwenda kwa wateja.

Na kila anachobadilisha kinaacha alama: jina lake, siku, saa, na maelezo mafupi aliyoyaandika kwa mkono wake. Mfululizo wa alama hizo ndio wanaouita historia.

"Hapa hakuna 'sikuwa mimi'," anasema Bi Masijala kwa furaha ya askari wa forodha. "Hata ukifuta, kufuta kwenyewe kumeandikwa."

Kabla ya hapa alikuwa karani wa masijala kwa miaka ishirini na sita. Alilinda makabati arobaini ya mafaili, na anaapa kwamba alilijua kila faili kwa harufu. Faili likitoka, mahali pake alichomeka kadi: nani kalichukua, lini, kwa shughuli gani. Bosi mkubwa aliwahi kuchukua faili bila kuacha kadi, na Bi Masijala akamfuata hadi msalani.

"Nilibisha hodi kwa adabu," anakumbuka. "Kadi nikaipitisha chini ya mlango. Akaijaza."

Kisha kompyuta zikaja. Masijala ikafungwa ndani ya wiki moja, naye akaondoka na cheti, mkono wa kwaheri na saa ya ukutani ambayo, kwa maelezo yake, ilikuwa ikirudi nyuma. Miaka miwili alishona sare za shule, akipata theluthi ya mshahara wake wa zamani. Mwezi wa shule kufunguliwa walikula vizuri, miezi mingine walikula kwa adabu.

Mumewe, fundi redio, ndiye aliyeleta nyumbani kompyuta mbovu ambayo mteja wake aliitelekeza. Ilikuwa haina kitufe cha herufi M.

"Nimejifunza kila kitu bila M," anasema. "Jaribu kumwandikia mama yako barua hivyo, uone."

Ofisi hii ilimchukua kuwa mhudumu wa mapokezi, kwa nusu ya mshahara wa masijala. Mwezi wa tatu, akipita na trei ya vikombe, aliona kwenye kioo cha mtu mistari mirefu ya majina, saa na maelezo. Trei ikabaki inaning'inia.

"Jamani," akauliza, "hii si rejesta ya mafaili?"

Walicheka. Wiki iliyofuata hawakucheka.

Ilikuwa Jumatano. Keshokutwa yake mteja alikuwa anakuja kuona programu inayoita wagonjwa kwenye foleni kwa sauti, ili asiyeona vizuri naye ajue zamu yake imefika. Sauti hiyo ilikuwa kazi ya miezi mitatu ya dada mmoja aliyekuwa mjamzito. Siku nne kabla alikuwa ametoka kazini kwa ghafla na kujifungua pacha.

Asubuhi hiyo programu ilifunguliwa, na ilikuwa bubu. Hakukuwa na sauti wala dalili ya sauti.

Mkurugenzi akafungua historia. Mstari wa juu kabisa ulikuwa wa kijana mmoja mwepesi wa mikono, wanayemwita Haraka, nao ulisema: "Nimefuta takataka zote."

"Takataka?" mkurugenzi akauliza taratibu. "Miezi mitatu ya mwenzako ni takataka?"

"Bosi, wallahi sikugusa sauti!"

"Umeandika mwenyewe 'zote'!"

Barua ya kumfukuza Haraka ikaanza kuchapwa. Alikuwa na miaka ishirini na sita, mke, mtoto wa miezi saba, na jasho la kujaza ndoo. Na nani angethubutu kumpigia mzazi wa siku nne kumuuliza habari za kompyuta?

Bi Masijala alikuwa akikusanya vikombe. Akaviweka chini.

"Samahani, baba," akamwambia mkurugenzi. "Kabla hujamnyonga, fungua kwanza tuone hizo takataka."

Wakafungua. Haraka alikuwa amefuta picha tatu zisizotumika na mistari kumi na moja mitupu. Basi.

"Sasa sauti iko wapi?" mkurugenzi akauliza.

"Mmesimama tawi gani?"

Watu wakatazamana.

"Tawi kuu, mama," akajibu Haraka.

"Basi mnasoma kadi ya faili moja na kulia kwamba kabati limeibiwa. Fungueni matawi yote."

Hapo ndipo kosa lilipokuwa. Ukurasa wao wa historia huonyesha tawi ulilosimama tu, na wote walikuwa wamesimama palepale, wakitazama palepale. Haraka akabonyeza. Kioo kikajaa mistari ya rangi iliyopinda na kupishana. Matawi mia moja arobaini na matatu! Mengine yalikuwa yamesahauliwa tangu ofisi ina meza mbili.

Bi Masijala akavuta kiti. Akashuka na kalamu yake, jina kwa jina, midomo ikichezacheza. Anasema alitumia dakika nne. Haraka anasema zilikuwa kama saa nne, na kwamba alizeeka humo.

Kalamu ikasimama kwenye tawi lililoitwa "usiguse-bado". Ndani yake mlikuwa na mabadiliko mia mbili na kumi na mawili, yote ya yule dada. La mwisho lilihifadhiwa Jumamosi, saa nne asubuhi, na maelezo yake yalisomeka:

"Imekamilika. Uchungu umeanza. Naenda."

Mkurugenzi, mtu mzima mwenye kitambi na heshima zake, akaanza kucheka hadi akashika ukuta. Haraka alikuwa analia. Kazi haikuwa imepotea hata nukta, ila mwenyewe hakupata wasaa wa kuiunganisha na tawi kuu. Wakaiunganisha, na kompyuta ikatamka kwa sauti tulivu: "Namba saba, tafadhali ingia chumba cha pili."

Alasiri yule mzazi alipiga simu mwenyewe, kutoa habari za watoto.

"Mbona hukutuambia umemaliza?" mkurugenzi akamuuliza.

"Si niliandika?" akashangaa. "Kwani nyie hamsomi?"

Barua ilichanwa. Tangu mwezi uliofuata, Bi Masijala analipwa kusoma, na mshahara umeupita ule wa masijala. Mapokezi akakabidhiwa mwingine. Nyumbani mumewe amekoma kupoteza miwani, kwani kila akiitafuta anaulizwa amesimama tawi gani.

Sasa ana mipango. Amewatafuta makarani saba waliofungiwa masijala pamoja naye, na anataka kuwafundisha kazi hii, Jumamosi mbili kwa mwezi. "Mkurugenzi kakubali kutupa chumba," anasema. "Vikombe tutaosha wenyewe."

Lakini kuna kitu kinamwasha zaidi. Kwa miaka miwili amesoma historia za watu, na jina lake halimo hata mahali pamoja. Haraka, ambaye bado anamwamkia mara mbili kila asubuhi, amekuwa akimfundisha kuandika programu.

Leo saa tisa alasiri, kazi yake ya kwanza inakaguliwa. Haraka anasoma mstari kwa mstari. Bi Masijala amevaa viatu, jambo ambalo wenzake wanasema ni nadra.

"Mama, hapa umesahau nukta."

"Sijasahau, nilikuwa nakupima."

Nukta inawekwa. Haraka anabonyeza, tawi linaungana na tawi kuu, na ofisi inapiga makofi. Kuanzia sasa, ukurasa wa historia wa ofisi hii utafunguka ukionyesha matawi yote.

Juu kabisa ya kioo, kwa mara ya kwanza, kuna jina lake, tarehe ya leo, saa tisa na dakika kumi na moja, na maelezo yake:

"Imekamilika. Sina uchungu wowote. Naenda kula."