Karter ya Donati na Vidole Vyangu Vinne

Admin, ficha jina yangu kabisa. Huku Likasi tunajuana, na jirani yangu mudomo wake haufungwi hata kwa kufuli.

Minye niko mwanaume wa miaka sabini na tatu. Nilikuwa ajusteur, fundi wa vipande vya mashine, mu atelie ya kampuni ya mine, ile ya kuchimba madini. Bibi yangu alikufa, batoto bako mbali. Nyumba iko na vyumba vitatu, nalala paka mu kimoja tu. Asubuhi naongea na redio, nayo hainijibu. Nawaandikia ninyi kwa sababu hapa sina muntu wa kuambia.

Wakati ule wa chama kimoja, majina ya kizungu yalikuwa yamekatazwa. Nilikuwa na rafiki, tuseme Donati. Ku kazi waliandika jina la mababu yake, lakini kwangu alibaki Donati. Yeye alikuwa fundi wa kusudura, kuunganisha chuma kwa moto, mikono minene, akikusalimia unasikia mifupa. Minye vidole vyembamba, mama alikuwa anasema ningekuwa mushonaji wa nguo. Siye wawili tulijenga motoka mu kiwanja yangu: mabomba ya chuma, viti vya camionnette, gari ndogo ya mizigo, na injini moja iliyotupwa ambayo shefu alituachia. Bantu wa kamp ya wafanyakazi walipita wakicheka. Walipoisikia inalia, wakaanza kuniita Enjenia. Munisamehe, nililipenda sana hilo jina!

Injini ilikaa chini mno. Karter, ile beseni ya chuma inayobeba mafuta chini ya injini, ilikuwa karibu kugusa udongo, na njia ya Mwadingusha, kule tulitaka kwenda, ni mawe matupu. Tukapatana kuipunguza. Lakini ndani yake muko bomba inayonyonya mafuta, nayo ilipaswa kupunguzwa vilevile.

"Vidole ngapi?" Donati aliuliza.

"Vinne."

Njo vile tulikuwa tunapima vitu ku nyumba, juu mita ilikuwa ya kazi na haikutoka ku mulango wa kampuni. Yeye alikata karter kwa vidole vyake vinne, akaisudura. Minye nilikata bomba kwa vidole vyangu. Kisha tulipaka chokaa inje, tukamwaga essence, petroli, ndani, tukangoja. Chokaa ilibaki nyeupe, hata tone moja halikupita. "Ona kazi hii, ndugu yangu!" Donati alipiga makofi. "Hii itatuzika siye wote!"

Siku ya yenga moja, Jumapili, mutoto wake wa kwanza, binti, alikuwa anabatizwa. Mama yake Donati alikaa Mwadingusha, na Donati alikuwa amemuahidi: "Mama, weye hutapanda kamio ya mizigo tena. Utakuya mu motoka ya mutoto wako." Tukatoka alfajiri kumuchukua. Hatukufika hata nusu. Injini ilianza kugonga, kisha ikakamata, ikakwama, kimya. Ile taa ya kuonya kwamba mafuta hayafiki, hatukuwa tumeiweka. Donati alilala chini ya motoka, akapitisha mukono ku karter, kidole kikatoka cheusi.

"Ni minye," alisema. "Soudure yangu imevuja. Mama ananingoja."

Hapo nami niliamini vile, naapa. Kamio ilituvuta mupaka Likasi. Mutoto alibatizwa bila nyanya yake. Tulisikia baadaye kwamba mama alikaa kando ya njia amevaa kikwembe kipya mupaka jua likazama.

Kesho yake nilifungua bulo ya kutolea mafuta chini ya karter, peke yangu. Mafuta yakatoka, yakatoka, bidon, dumu nzima, ikajaa. Ule weusi ulikuwa jasho tu la chuma, hakuna kilichovuja! Nikatoa karter. Chini kabisa kulikuwa alama ya muviringo inayong'aa, imechimbika kidogo: mudomo wa bomba ulikuwa umekaa pale, umebana ku chuma, ukashindwa kunyonya. Nikaokota kile kipande Donati alichokata ku karter, nikaweka vidole vyangu vinne juu yake. Ilibaki nafasi ya kidole cha tano. Vidole vyake vinene vilikata zaidi, na bomba yangu ilibaki ndefu.

Nikasikia Donati anaingia. Nikasukuma bidon nyuma ya gurudumu.

"Umeona nini?"

"Soudure," nilimujibu.

Neno moja. Aliinamisha kichwa, akaomba musamaha, minye nikaupokea. Aliacha kuja kwangu. Nyuma ya miezi michache aliomba kuhamishwa Kolwezi. Bantu wakaniambia, "Pole, Enjenia, mwenzako alikuharibia motoka." Nami nikajibu, "Aksanti." Aibu gani hii! Hata bibi yangu alikufa bila kujua.

Motoka iko mu kiwanja mupaka leo, kuku wanataga ndani. Karter iko chini ya kitanda changu.

Juma lililopita simu ililia. "Papa, ni minye ule mutoto wa ubatizo," binti yake alisema. "Baba haoni tena. Anasema mbele ya kufa anataka kufika Likasi akuombe musamaha juu ya motoka. Hiyo kintu inamukula roho miaka yote. Anasema rafiki alikuwa paka weye tu."

Nililia kama mutoto. Niko na hamu na yule muntu kuliko ninavyoweza kuwaambia. Nikimuambia kweli, ataondoka, nami nitabaki na redio. Nikinyamaza, atapiga magoti mbele yangu, muzee kipofu, mara ya pili, kwa kosa langu.

Anafika siku ya yenga, baada ya misa. Macho yamekufa, lakini vidole vyake bado vinajua chuma. Nikimuwekea karter mu mikono ataipata ile alama, na hatanihitaji kusema kitu. Nimupe, ao niiache chini ya kitanda? Ndugu zangu, mama zangu, muniambie. Zimebaki siku tatu.