Daftari la Alama Nililolichoma

Laiti ningekataa agizo nililopewa siku yangu ya kwanza kazini. Ilikuwa hapa Gisenyi, mwishoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa karani wa Makamu Mkuu wa Chuo upande wa masomo, yule anayesimamia mitihani na kutia sahihi vyeti. Mimi nilitunza daftari la alama. Kila mwanafunzi alikuwa na namba na mstari wake.

Daftari la kabla ya vita lilikuwa limelowa, kurasa zimegandana. Makamu, aliyerejea kutoka Tanzania, akasema, "Linakili lote, tia sahihi kwamba nakala imekamilika, kisha hilo bovu liteketeze. Madaftari mawili yataleta ugomvi."

Nilinakili kwa wiki kadhaa. Sikumwomba mtu alinganishe. Nilitaka wakubwa waone kuwa mtu aliyeishia sekondari anaiweza kazi ya chuo. Nikatia sahihi, nikachoma.

Enzi hizo aliyepoteza vyeti alileta wenzake wawili wa darasa. Wakiapa mbele ya Makamu, aliandikiwa hati. Lakini ushahidi ulipokelewa tu pale ambapo daftari halikuwepo, au lilikuwa na pengo.

Akaja Vestine, binti wa dada yangu, aliyekuwa amebakiza mwaka mmoja vita vilipoanza, akitaka hati ili amalizie. Jina lake halikuwemo. Nikatazama namba, daftari likiwa mikononi mwangu peke yangu: zimeruka. Nilikuwa nimefunua karatasi mbili zilizogandana kama moja.

Shahidi wake mmoja, mfanyabiashara wa Goma, ng'ambo ya mpaka, alicheka. "Bon, Makamu, huyu alikuwa anaiba majibu yangu kila mutihani. Nitamusahau aje?"

Makamu hakucheka. Alinigeukia. "Mzee, nakala hii imekamilika?"

Ningesema hapana, ushahidi ungepokelewa. Lakini sahihi ilikuwa yangu, na moto niliuwasha mimi.

"Imekamilika," nikasema.

Nje, dada yangu, aliyesikia yote mlangoni, alinishika mkono. "Kaka, siku ya kwanza we ndiye ulimuleta hapa. Leo haumujui?"

Nilirudi ofisini. Vestine alianza kuvusha nyanya kwenda Goma, na mpaka leo anavusha.

Nilistaafu na barua inayosifu uaminifu wangu katika kutunza kumbukumbu. Ninyi mnaoshika kazi hizi sasa, msichome kitu ambacho mwingine hajakisoma.

Dada yangu hakukanyaga tena kwangu. Alifariki Cyanzarwe, mwendo wa pikipiki usio mrefu kutoka hapa. Habari zilinifikia siku tatu baada ya kuzikwa. Alikuwa amewakataza wasiniite.