Kabla ya Eksirei, Sema

Siku hiyo naikumbuka vizuri, mwanangu, na kwa kuwa umeolewa hapa kwangu, ni haki yako kuisikia. Ilikuwa miaka ya tisini, sijamaliza hata mwaka hapa Kathiani. Niliteleza shambani nikiwa na mzigo wa kuni mgongoni, nyonga ikaniuma hata kukanyaga ikawa shida. Mume wangu alikuwa kazini Athi River, kwa hiyo baba mkwe ndiye aliyenipeleka hospitali Machakos.

Katika chumba cha eksirei, mpiga picha aliuliza, "Mama, uko na mimba?"

Nilikuwa nayo, changa, na aliyejua ni mume wangu tu. Sasa ningelitamkaje neno hilo mbele ya baba mkwe? Aibu hiyo sisi Wakamba tunaiita nthoni, na mimi nilikuwa nimeishiba. Niliinamisha macho. Mpiga picha akadhani nimekataa, akaanza kutayarisha mashine.

Mzee akasimama. "Ngoja kwanza. Mimi natoka nje, umuulize tena." Kisha akanigeukia. "Hiyo nthoni ungeiacha nyumbani. Hapa sema kila kitu."

Mlango ulipofungwa, nikasema. Daktari akaitwa, akanipima kwa mikono, akaona mfupa ni mzima, picha ikaahirishwa. Nikapelekwa altrasaundi, na pale kwenye kioo nikauona moyo wa mtoto ukipigapiga. Nililia.

Daktari alinieleza kwamba eksirei inafaa kwa mifupa na kifua, lakini hutumia miale, na mjamzito hupigwa pale tu inapolazimu. Altrasaundi ni mawimbi ya sauti, haina miale, ila haioni ndani ya mfupa. Miaka baadaye baba mkwe aligonga kichwa, akapelekwa Nairobi kwa CT skani. Miale yake ni mingi kuliko ya eksirei, lakini ndiyo iliyoonyesha haraka damu iliyovuja. MRI nayo ni sumaku kubwa, ya kelele na ya bei, nzuri kwa ubongo na uti wa mgongo.

Keshokutwa unaenda kupigwa picha ya mgongo. Usiiogope mashine, wala usiifanye dawa, maana picha haitibu. Uliza ni ya aina gani na wanatafuta nini. Ukiwa na mimba au chuma mwilini, sema. Nikiwa nimekaa hapo na unaona haya, nifukuze, sitakasirika.

Mtoto yule wa kwenye kioo ndiye aliyekuoa. Mungu akutangulie, akurudishie mgongo wako, na akupe watoto wa kukuzika ukiwa mzee sana.