Bibi Pasi Hakukimbia

Kwenye duka la dobi lililo kati ya kinyozi na muuza viatu, mwanamke anayepiga pasi huitwa Bibi Pasi. Jina hilo limemkaa kiasi kwamba ukimwita lile alilopewa na wazazi wake, atageuka kutazama ni nani anayeitwa. Kola ikitoka mkononi mwake husimama wima hata kama mwenye shati ni mtu wa kujikunyata. Na hufanya kazi kwa kusimama. Kiti alikwisha kukikataa zamani. Pasi, husema, ni kazi ya miguu, mkono unafuata tu.

Siku za karibuni miguu hiyo ilikuwa na siri. Katikati ya shati, sakafu humkimbia. Meza huinama, ukuta huja na kurudi, kisha kila kitu hukaa mahali pake na kujifanya hakikutoka. Dawa yake alijitungia mwenyewe: husimamisha pasi, hushika ukingo wa meza kwa mikono miwili, hufumba macho na kungoja. Kizunguzungu kikipita, huendelea na mkono wa shati kama vile alikuwa anafikiria jambo.

Hakumwambia mtu. Binti yake, mtoto wake wa pekee na mwenye kauli moja kama hakimu, alikwisha kutamka: "Mama, siku utakayougua ndiyo siku utakayohamia kwangu. Pasi utaiota." Na kwa binti si pabaya, kuna chumba chenye pazia na kitanda laini. Lakini huko Bibi Pasi angekuwa na kazi moja tu, kuulizwa kama ameshakula. Jambo hilo alilichukia kuliko kuanguka kwenyewe. Mficha maradhi kifo humuumbua, alilijua sana neno hilo, na alilisema mara nyingi kwa watu wengine.

Asubuhi moja alikuwa kwenye kola ya shati jeupe, sakafu ikamkimbia tena. Kizunguzungu kilikuwa kikali kuliko siku zote. "Leo kimeamkia mguu wa kushoto," alijisemea. Akasimamisha pasi, akashika meza, akafumba macho. Alisikia bati likigonga, watu wakipiga kelele, miguu ikipita mbio nyuma yake, na akahuzunika kwamba sasa ugonjwa umeingia hadi masikioni. Alipofumbua macho kulikuwa kimya. Mashati yaliyotundikwa kwenye waya yalikuwa yanabembea polepole, akadhani kuna aliyeacha mlango wazi. Akamaliza kola.

Nje ulikuwa umemwagika mtaa mzima. Mfuaji wa duka hilo, ambaye kwa kupenda kwake maneno huitwa Redio, alikuwa amesimama barabarani na beseni kichwani, povu hadi viwikoni. Mteja wa kinyozi alikuwa amenyolewa upande mmoja, nusu kijana nusu mzee. Mama mmoja alikuwa amelikumbatia koti la mtu asiyemjua. Na Tajiri, mwenye duka, mtu ambaye kuinuka kitini huanza kwa kujadiliana na magoti, alikutwa ng'ambo ya barabara kabla ya wote, na mpaka leo hakuna aliyemwona akivuka. Kila mtu alikuwa na simu sikioni akiuliza, "Na huko mmelisikia?" Hakuna kilichovunjika isipokuwa chupa moja ya kinyozi. Kisha mtu akatazama dirishani, akamwona Bibi Pasi anatundika shati.

Redio aliingia wa kwanza, beseni bado kichwani. "Bibi, hukuogopa?"

Bibi Pasi alifungua mdomo amuulize kuogopa nini. Akaliona beseni, akaliona povu, akayakumbuka mashati yaliyokuwa yakibembea.

"Ningeiacha pasi juu ya shati la watu," alisema taratibu, "tungekuwa na tetemeko na moto juu yake."

Basi. Sifa zikaanza. Kinyozi alikuja kumpa mkono. Tajiri alisema wapo watu wa kuigwa na wapo wa kuvaa mabeseni. Redio alitia chumvi kila alipolisimulia, na kufika adhuhuri paa lilikuwa limenyanyuka na Bibi Pasi ameiambia ardhi itulie. Naye alikivaa hicho kilemba cha ukoka akitabasamu, huku moyoni hana raha hata kidogo. Tetemeko la kweli lilikuwa limempitia asilijue. Kama paa lingekuwa linakuja, angelingoja amefumba macho. Taarifa ya habari ikasema huenda matetemeko mengine madogo yakafuata, naye akaweka nia: likija tena, na yeye mguu niponye.

Alasiri binti yake akaingia, bado ana mkoba begani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona na jua lote hili?"

"Nimesikia habari zako mpaka kazini kwetu." Binti alimtazama kwa fahari, na ndani ya fahari kulikuwa na jicho la mashaka. "Wewe unayepanda kitandani ukiona panya, leo umesimama na tetemeko?"

Kabla hajajibu, sakafu ikaondoka. Meza ikainama, ukuta ukaja. Safari hii hakungoja.

"Tokeni!" alisema, akampita binti yake, akampita Tajiri, akavuka kizingiti na kufika barabarani na shati la mtu mkononi. Akaushika mlingoti wa taa, akafumba macho mpaka ukaacha kuzunguka.

Alipoyafumbua, alikuwa peke yake. Muuza viatu alikuwa anapanga viatu vyake. Kinyozi alikuwa ananyoa. Bibi Pasi aligeuka polepole akatazama dukani kupitia kioo. Kwenye waya mashati yalining'inia kimya, hakuna hata moja lililotikisika. Chini yake alisimama Redio, mdomo wazi, na kwa mara ya kwanza hapakutoka kitu.

Binti alitoka akaja kusimama mbele yake. Hakuuliza lililotokea. Alikuwa amekwisha kuyaunganisha ya asubuhi na ya alasiri, na macho yalikuwa yamemjaa machozi.

"Tangu lini, mama?"

Bibi Pasi alilikunja shati mara mbili, akalikunjua. "Tangu mvua zile. Asubuhi nilidhani ni mimi. Sasa hivi nilidhani ni dunia."

Binti alimshika mkono, si kwa ukali aliouogopa siku zote, ila kama mtu aliyeponea chupuchupu.

"Twende hospitali."

"Hizi nguo za watu, je?"

"Nguo za watu zina wenyewe, mama. Na wewe una wenyewe."

Bibi Pasi alitazama mlangoni. Tajiri alikuwa anakuja na kile kiti Bibi Pasi alichokikataa zamani, amekibeba mwenyewe, anahema. Akakiweka kwenye kivuli cha ukuta. Bibi Pasi alimpa shati, kisha akakaa kungoja gari.