Isnadi ya Mbuzi

Nikiwa njiani kuelekea kusini, niliingia mji wa Kairuani kukwepa jua, nikakaribishwa chumbani kwa mwalimu wa hadithi za Mtume. Huyu bwana hapokei hata habari ya bei ya vitunguu kabla hajauliza umeisikia kwa nani, na huyo naye kwa nani; mnyororo huo wa wasimulizi huuita isnadi. Kila msimulizi anayemkubali humkunjia kidole kimoja kinene. Mchana huo Hayfa, mtafiti wa maabara, alimletea majibu ya vipimo vya fahari kubwa ya mwalimu: ukurasa wa ngozi ya mbuzi ambao siku zote huwaonyesha wanafunzi kama mwandiko wa sahaba wa Mtume.

“Mbuzi huyu alipochunwa, sahaba alikuwa ameshafariki miaka mia mbili, Shehe,” Hayfa alisema kwa sauti ya chini.

“Umepokea kwa nani?”

“Kwa mashine.”

“Na mashine?”

“Kwa ngozi yenyewe.”

Shehe alivitazama vidole vyake viwili vilivyokunjwa, akacheka mpaka kofia ikamteleza. “Yaani kati yako na mbuzi yuko msimulizi mmoja tu? Mashehe wetu walivuka jangwa kutafuta isnadi fupi namna hii.”

“Na hadithi iliyoandikwa humo?”

“Hiyo haikumtegemea mbuzi, binti yangu. Ina watu wake, na nimewachunguza mmoja mmoja. Ukurasa ndio sikuuchunguza, kwa kuwa niliupenda.”

Akatusogezea sahani ya vitumbua vya tende, akavaa viatu. Wanafunzi walikuwa wakimngoja msikitini. Tulibaki tunamsikia uani, akijaribu maneno: “Kuna jambo niliwasimulia. Msilipokee tena kwangu.”