Kalibu ya Koko

Juzi, hapa kwetu Muhumba, nimemukuta binti yangu anaepua sufuria ya maharagwe kwenye mbabula kwa kalibu ya koko, nyanya yangu. Nikapiga kelele: “We! Weka chini!” Mutoto maskini akashangaa. Kwake ilikuwa koleo ya zamani tu. Basi nikamukalisha, nikamwelezea, na wewe pia sikiliza.

Vakansi zote, likizo za masomo, tulikuwa tunazipitisha kule juu Luhwindja. Babu alikuwa na bunduki ya baruti, ile ya kushindilia risasi kwenye mudomo wa mututu, sababu nguruwe pori walikuwa wanatumalizia mihogo. Lakini risasi zenyewe ni koko aliyekuwa anazitengeneza, na alikuwa anajivunia ile kazi, ee! Anayeyusha madini ndani ya kikopo, anamimina kwenye kalibu, ile koleo yenye tundu la risasi mudomoni, anagonga, tap! Kadonge kanaanguka kwenye majivu, kanang'aa. Pembeni viazi vitamu vinaiva, kile kikubwa ni changu. Mimi kazi yangu ilikuwa kupima. Kulikuwa pete ya shaba yenye upana wa mututu. Risasi ikipita vizuri, tunaiweka. Ikigoma, inarudi kwenye moto.

Siku moja wenzangu wakaniita kuruka kamba. Zilibaki risasi tano. Nikazitupa tu ndani ya mufuko.

“Umezipima zote?” koko akauliza.

“Zote, koko.”

Kesho yake asubuhi babu akaenda shambani. Risasi ya kwanza ikamujeruhi nguruwe. Ya pili, alipoishindilia, ikakwama katikati ya mututu, na nguruwe mwenye hasira akamufikia. Majirani walimurudisha kwenye kipoyi, machela ya miti, paja limepasuka. Alipona, asante Mungu, lakini alichechemea mpaka kufa.

Siku hiyo, akiwa amelala pale kwenye kipoyi, akaonyesha bunduki. “Nani alipima hii risasi?”

Nikafungua kinywa. Koko akanifinya mukono.

“Ni mie, papa,” koko akamujibu bwana yake. “ Macho yangu imechoka.”

Toka siku ile babu alienda kutengenezesha risasi kwa jirani. Kalibu ikatundikwa kwenye musumari. Kule kisimani wanawake walikuwa wanamucheka koko, eti mama mwenye kutaka kuua bwana yake. Naye anacheka pamoja nao, anajitwika maji, anapanda. Hata siku moja hakunikumbusha. Kiazi kikubwa kiliendelea kuwa changu, nami nilikuwa ninakila nimemupa mugongo.

Leo wote wawili hawako. Bunduki ilipotea kwenye vita, shamba liko pori. Siku hizi risasi zinakuja ndani ya makartoni, hakuna mwenye kujua mikono iliyozitengeneza. Kimebaki hiki kikoleo na masizi yake.

Binti yangu alikigeuzageuza, akakipangusa vizuri na kitenge chake.

“Maman, na ulimuomba koko pole?”

“Hapana,” nikamujibu. “Kila mara nilikuwa najiambia, nitamwambia vakansi yenye kuja.”