Hodi Mlangoni pa Sanduku la Posta

Nambozo ana sura moja ambayo wenzake wa zamani kiwandani wanaijua vizuri. Midomo inabanwa, pua inapanda, jicho la kushoto linafumba nusu. Aliipata Thika, alikochambua makadamia miaka mingi: kupasua, kunusa, kutupa. Njugu iliyooza huwezi kuijua kwa ganda. Mpaka uipasue, na harufu yake ikishakaa vidoleni haitoki upesi. Kila jioni alikuwa akinawa kwa sabuni ya kipande, mara mbili, ndipo amshike binti yake Bridget.

Alizaliwa ng'ambo ya Mlima Elgon, upande wa Mbale, akavuka mpaka akiwa msichana kumfuata Wamalwa, aliyeendesha trekta kwenye mashamba ya mananasi. Walikaa pamoja Kamenu, mtaa wa Thika, hadi Wamalwa alipofariki, bila cheti cha ndoa, bila pete, bila hata picha ya arusi. Ndiyo maana Bridget ni Mkenya kwa upande wa baba yake, na mama yake hadi leo ni mgeni. Mgeni mwenye kadi, lakini mgeni vilevile, ingawa mume wake na ujana wake vyote vimezikwa huku huku.

Kadi hiyo huongezwa muda kila baada ya miaka michache, na ina masharti. Moja ni kwamba ukihama, hata kwa muda mfupi, uiarifu ofisi. Wageni wengi hulicheka sharti hilo. Nambozo halicheki, kwa sababu alimwona mwenzake wa meza moja kiwandani akipakiwa kwenye gari la kwenda Busia mpakani, eti hakupatikana pale alipoandikisha kwamba anaishi. Mwanamke yule aliondoka na aproni ya kazi mwilini. Nambozo akaapa kuwa yeye serikali haitamtafuta ikamkosa.

Sasa Bridget akajifungua mtoto wa kike, Kui, huko Kahawa Wendani anakoishi na mumewe Ngigi, kwenye ploti moja ya vyumba vya kupanga karibu na hosteli za wanafunzi. Mama akahitajika. Lakini kwa Wagisu, watu wa kwao Nambozo, mama mkwe halali chini ya paa moja na mkwe wake, na hata kumpa mkono ni mwiko. Ngigi, kijana wa Gatundu, alicheka mpaka akashika mbavu, akamwita bibi kwa Kikuyu chao.

"Cucu, kwani nitakuuma?"

Hata hivyo alimheshimu. Alimtafutia chumba chake mwenyewe kwenye ploti ile ile, na siku ya kuhamia akajificha dukani mpaka mama mkwe alipomaliza kuingiza godoro. Ingekuwa miezi mitatu tu, mpaka likizo ya uzazi iishe, kisha Nambozo arudi kwake Kamenu.

Kabla hajapanga hata sufuria, alikwenda Ruiru kwenye ofisi ya wageni iliyo ghorofani, juu ya duka la magodoro. Alimkuta ofisa Kagwe anakula chipsi na kujipangusa mafuta kwenye faili. Faili ya mtu! Ya binadamu aliyezaliwa na mama yake, iligeuzwa kitambaa cha meza. Nambozo aliiona, akasalimia kwa adabu, kwa kuwa aliyebisha hodi ni yeye.

"Nimekuja kuripoti, mkubwa. Nimehama kidogo, niko Wendani kwa msichana yangu mpaka mtoto apate nguvu."

Kagwe alibonyeza kompyuta kwa kidole chenye sosi. "Anwani yako ni box ya kanisa, Thika. Hiyo box imehama?"

"Box ni ya kanisa, itahama aje? Mimi ndio nimehama."

"Mathe, nisikize. Hii sistem haina mahali ya kuandika ati unalala kwa msichana yako. Iko na mahali ya box. Kama box haijahama, wewe pia hujahama. Enda ulee mtoto."

Mambo ya sanduku hilo hayakuwa siri. Nyumba za Kamenu hazina namba, na mtu akiulizwa anwani hutaja sanduku la posta la shule, la mwajiri, au la kanisa. Nusu ya waumini wa kanisa la Nambozo hutumia sanduku moja, na barua zikija, majina husomwa Jumapili baada ya sadaka. Hakuna aliyewahi kudhani kwamba anaishi ndani yake.

"Basi andika tu mahali kwamba nimekuja," Nambozo akasihi.

"Unataka kuniharibia lunch?"

Alirudi Wendani akiwa na ile sura yake ya njugu mbovu. Lakini alikuwa ameripoti, na moyo wake ulitulia. Akamwogesha mjukuu, akampikia mzazi uji wa wimbi, na Ngigi alipopita uani yeye akageuza uso kwa adabu.

Likizo ilipokaribia kwisha ndipo muda wa kadi ulipofika, na maofisa wawili, baada ya kuulizia njia kanisani, wakaenda Kamenu kumkagua. Walimkuta Beth, jirani wa ukuta mmoja, mama mwenye roho nzuri na mdomo usio na kufuli.

"Mama Bridget? Huyo alihama kitambo!" akawaambia. "Alienda kwa msichana yake, hata simwoni siku hizi."

Kisha akampigia Nambozo simu kujisifu. "Watu wa serikali walikuja kukuuliza, nikawaambia mambo yako iko sawa kabisa. Nakudai asante!"

Nambozo hakuwa na asante ya kumpa. Siku ya pili aliitwa Ruiru. Kagwe alikuwa pale pale, safari hii na karanga, maganda yakidondokea kwenye kompyuta.

"Mathe, hukupatikana kwa anwani yako. Hii kadi hatuwezi ongeza. Itabidi ujipange urudi kwenu."

"Kwetu ni wapi?" Mbale hakuna tena anayemjua ila makaburi. Kui alikuwa ameanza kumcheka akimwona, kile kicheko kisicho na jino hata moja, na huyu anamwambia ajipange. "Niliripoti. Niliripoti kwako wewe, hapo ulipokaa, ukila chipsi."

"Iko wapi kwa sistem? Kitu haiko kwa sistem haikufanyika." Akatazama kushoto na kulia, akavuta droo, akaiacha wazi. "Lakini sisi ni watu wazima, tunaweza ongea."

Nambozo alichungulia mle ndani. Kalamu, kijiko kichafu, makombo. Kiwandani angalau njugu iliyooza hutupwa. Hapa imewekewa kiti cha kuzunguka na kalenda ya ukutani. Akaisukuma ile droo kwa kiganja mpaka ikafunga.

"Funga, inzi wataingia. Sasa niambie, maofisa wako walinitafuta wapi?"

"Kamenu."

"Na anwani yangu ni wapi?"

"Si ni box ya..."

"Basi hawakunitafuta kwa anwani yangu!" Nambozo alipaza sauti, na wageni waliopanga foleni kwenye korido wakageuza shingo kusikiliza. "Nipeleke huko sasa hivi unikague. Ukinikosa, gari ya Busia nitapanda mwenyewe."

Kutoka chumba cha pili mkubwa wake Kagwe akafoka, "Kagwe! Si uende na huyo mama umalize hiyo maneno, watu tunafanya kazi!"

Wakaenda kwa gari la ofisi, Nambozo kiti cha nyuma. Walipoingia Thika, Kagwe akawasha taa ya kukata kona kuelekea Kamenu.

"Unapotea," Nambozo akamwambia. "Nenda posta."

Pale posta aliupita mlango mkubwa, akaenda moja kwa moja kwenye ukuta wa masanduku, akatafuta namba ya kanisa lake. Akagonga kile kimlango cha chuma kwa kifundo cha kidole.

"Hodi! Hodi wenyewe!"

Mzee mmoja aliyekuja kuchukua barua alisimama, ufunguo mkononi. Nambozo aligeuka, akasimama kando ya kimlango wima, kama mwenye boma anayepokea wageni.

"Karibu, mkubwa. Ndio hapa kwangu. Si ulisema sijahama? Kama sijahama, basi umenipata nyumbani."

Yule mzee akaangua kicheko. Uso wa Kagwe ulibadilika rangi. Angeweza kuandika neno moja la kweli: mama huyu aliripoti, nikamfukuza kwa sababu nilikuwa nakula. Nambozo alimwona akilifikiria neno hilo, likampanda kooni, kisha akalimeza. Mkubwa wake angemuuliza maswali. Akaweka fomu juu ya goti, akaandika, akatia sahihi: mkaazi amekaguliwa katika anwani yake, amepatikana.

Wahenga husema njia ya mwongo ni fupi. Hakika ni fupi. Nambozo aliuzungusha ukweli wake miezi mitatu usipate pa kukaa, na uongo wa Kagwe ukafika kabla wino haujakauka.

Kadi ilitoka wiki iyo hiyo. Alitarajia kufurahi, maana sasa hakuna wa kumpakia kwenye gari. Badala yake njia nzima kutoka Ruiru alikaa ameishika kwa ncha za vidole. Maisha yake yote katika nchi hii yalisimama juu ya ukaguzi wa kisanduku cha chuma ambacho hata paka haingii, na waliomtaka aondoke sasa walikuwa wanamwita mkaazi mwema. Yalimchefua, na hakuwa na pa kuyatemea.

Ploti ya Wendani ilikuwa na vigelegele. Bridget alimkimbilia na mtoto mikononi.

"Mami, umepata! Mshike Kui, amekungoja."

"Ngoja kwanza."

Nambozo aliiweka kadi juu ya karo la kuoshea vyombo, akafungua mfereji, akanawa kwa sabuni ya kipande. Akasuuza. Akanusa vidole, akapaka sabuni tena.

"Kwani umeshika nini?" Bridget akauliza.

"Ukaazi wangu," akasema, akiendelea kusugua.